Makufuli Mawili ya Vidimbwi

"Kiti cha Vidimbwi nimeshakikalia," Bi Sikudhani alitangaza, mikono kiunoni, asubuhi aliyoamua kuingia katika siasa. "Kimeshapata joto langu kabisa. Vimebaki vitu vidogo vidogo tu: fomu ya kugombea, chama cha kunisimamisha, na watu wa kunipigia kura."

Mwamtoro, jirani yake na shoga yake tangu enzi za kombolela, aliacha kupepeta mchele. "Na sababu je, shoga? Hiyo unayo?"

"Sababu ninayo. Ile pale, inanyonya ndimu."

Raya, mjukuu wake, alikuwa amekaa kwenye mkeka ananyonya ndimu kwa chumvi, tumbo limemtangulia. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Uchaguzi ulikuwa baada ya miezi miwili. Bi Sikudhani aliishia darasa la nne, lakini saba ukiongeza mbili alijua zinafika wapi.

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Ni nchi njema, ina bendera, ina wimbo, ina foleni. Katiba yake inasema vyama viwe vingi, na nchi ikatii: ikawa navyo viwili. Wajuzi wa sheria walikaa wakahesabu, wakaona kwamba ukishavuka moja umeshaingia kwenye wingi, na hakuna haja ya kujichosha zaidi. Kimoja ni Chama cha Mwavuli, kinachoamini kwamba wananchi wote wakingwe jua kwa pamoja. Cha pili ni Chama cha Kofia, kinachoamini kwamba kila mtu akingwe peke yake. Kwa kuwa wananchi hawakupewa mwavuli wala kofia, jua likaendelea kuwapiga bila ubaguzi.

Vyama hivyo havikubaliani kwa lolote. Mwavuli akisema leo ni Jumanne, Kofia huita waandishi wa habari na kueleza kwamba Jumanne hiyo ni njama. Na kwa miaka arobaini wamekuwa wakipokezana kiti cha Vidimbwi katika Baraza la Jimbo kama majirani wanavyopokezana kinu.

Ugomvi wao mkubwa kuliko wote uko kwenye mlango wa zahanati ya wazazi.

Zahanati ilijengwa miaka sita iliyopita, nzuri, bati jekundu, umeme umeingizwa kabla haujafika kwa mwananchi yeyote. Mwavuli, waliokuwa madarakani, walikata utepe, wakala pilau, wakafunga mlango kwa kufuli lao mpaka nesi atakapoletwa. Uchaguzi ukaja, Kofia wakashinda. Nao wakakata utepe mwingine, wakala pilau nyingine, wakakuta kufuli la wenzao mlangoni. Hawakulivunja, kwa maana sheria inasema kufuli la chama ni kiungo cha mwili wa chama, na mwenye kulivunja amejeruhi. Wakatia na la kwao pembeni. Tangu hapo kila mmoja husema, "Ufunguo wangu uko tayari, tunamngoja mwenzetu." Nesi naye aliletwa. Alikaa barazani miezi minne, akapima presha mbuzi waliokuwa wakipita, akaomba uhamisho.

Hayo yangevumilika, lakini serikali ikatoa tangazo: kwa kuwa zahanati ipo, kuzalia nyumbani ni kosa la jinai. Bi Sikudhani, ambaye nusu ya kata ile ilikuja duniani kupitia mikono yake, alinyang'anywa wembe wake akapewa cheti cha shukrani. Ikawa mwanamke akishikwa na uchungu hupelekwa kuzalia barazani pa zahanati, kwenye saruji, mbele ya makufuli mawili. Wizara ikaandika kwa furaha kwamba wanawake wote wa Vidimbwi, mia kwa mia, huzalia zahanati. Haikuandika ni upande upi wa mlango.

Masika iliyopita mkwe wa Mwamtoro alizalia pale. Upepo uliingiza mvua chini ya bati usiku kucha, na kanga za majirani zote hazikutosha. Mtoto aliishi mpaka mvua ilipokatika. Mwamtoro alizikusanya kanga zilizolowa, na Bi Sikudhani akamsaidia kuzikamua.

Sheria ilitaja mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kuamuru kufuli la chama chochote lifunguliwe: mjumbe wa Baraza. Wajumbe wawili walikuwa wamepita na uwezo huo mfukoni, wakautunza kama nguo ya sikukuu.

"Basi nitauvaa mimi," alisema Bi Sikudhani.

*

Msimamizi wa Uchaguzi alikuwa Bwana Shomvi, mtu mpole, mwenye mihuri kumi na mmoja na kidau cha wino wa kutosha muhuri mmoja.

"Karibu, Bi mkubwa. Chama?"

"Kipya."

"Kipya cha Mwavuli au kipya cha Kofia?"

"Cha tatu, mwanangu."

Bwana Shomvi aliitazama fomu. Ilikuwa na visanduku viwili. Akaigeuza, akatazama nyuma, akaipeleka dirishani kuitazama kwa mwanga. "Hapa hapana pa kutia alama."

"Chora kisanduku."

"Bi mkubwa, mimi ni msimamizi. Mchoraji wa jimbo yuko makao makuu, na yupo likizo."

Siku hiyo alirudi nyumbani. Alikwenda mara ya pili, akaambiwa alete barua ya Mwavuli kuthibitisha kwamba hawana pingamizi. Mara ya tatu, barua ya Kofia kuthibitisha kwamba hawana pingamizi na barua ya Mwavuli. Mwavuli hawakuandika kwanza kwa sababu Kofia hawajaandika, na Kofia hawakuandika kwa sababu Mwavuli wangedhani wameandika wao kwanza. Mara ya nne ofisi ilikuwa imefungwa kwa semina ya kuwahudumia wananchi. Mara ya tano alikuta kiti cha wageni kimeondolewa, akakaa juu ya meza, na pengine hilo ndilo lililosaidia, kwa maana Bwana Shomvi alihitaji meza yake.

"Haya, haya, Bi mkubwa, teremka. Nimepata njia. Utaingia kama 'Mengineyo'. Lakini lete wadhamini hamsini wasio na chama."

"Hamsini tu? Kesho nakuletea."

Bwana Shomvi alitabasamu kwa huruma, na alikuwa na sababu. Katika nchi ile kila mtoto hupewa kadi ya chama pamoja na cheti cha kuzaliwa: aliyezaliwa tarehe witiri ni wa Mwavuli, aliyezaliwa tarehe shufwa ni wa Kofia. Bi Sikudhani mwenyewe, enzi za ukunga wake, aliwahi kuombwa na baba mmoja, mtu mzima na ndevu zake, amzuie mkewe kidogo mpaka tarehe igeuke. Kadi inaruhusiwa kurudishwa, tena bila masharti, isipokuwa ofisi ya kupokea kadi hufunguliwa siku ya uchaguzi, saa moja baada ya vituo kufungwa.

Alirudi nyumbani, akatupa viatu. "Nimechoka, Mwamtoro. Nimezunguka mpaka nimejikuta nikijisalimia mwenyewe njiani. Nchi nzima hakuna mtu asiye na chama! Hata wa Raya pale, aliye tumboni na hajatoka, wanamngoja na kadi mbili."

"Na sisi?" Mwamtoro akauliza.

"Sisi nini?"

"Wewe ulizaliwa tarehe ngapi?"

Bi Sikudhani akaanza kuvitafuta viatu vyake. Mama yake alikuwa amemwambia siku zote kwamba alizaliwa siku mbuzi wa jirani alipoanguka kisimani. Tarehe ya mbuzi hakuna aliyeiandika.

Kesho yake wazee hamsini wa Vidimbwi walijipanga mbele ya Bwana Shomvi, wengine kwa fimbo, wengine kwa kushikana mabega. Wa kwanza alikuwa Mzee Kibwana, kipofu wa jicho moja na mkali wa lile lingine.

"Umezaliwa lini, mzee?"

"Mwaka wa nzige."

"Tarehe?"

"Nzige hawakuacha tarehe, bwana. Walikula kila kitu."

Bwana Shomvi aliwaandika wote hamsini, mmoja baada ya mmoja: mwaka wa nzige, mwaka wa ndui, siku ya mvua ya mawe, siku Mzungu alipopotea, siku alipopatikana. Wote hawakuwa na chama kwa mujibu wa sheria. Jasho lilimtoka mpaka likalowesha fomu, na Bi Sikudhani akaipepea kwa kanga isiharibike.

"Jina la chama?"

"Chama cha Mlango."

"Na alama?" Akatoa orodha ya alama zilizoidhinishwa kwa ajili ya vyama vya Mengineyo. Zilikuwa nne: jeneza, kunguni, shimo la choo, na sufuria iliyotoboka.

Bi Sikudhani alizisoma mara mbili, kwa kidole. "Nipe sufuria," akasema. "Hiyo angalau iliwahi kupika."

*

Ratiba ya kampeni ilibandikwa ukutani. Mwavuli walipewa uwanja kila siku kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa saba na robo. Kofia walipewa kuanzia saa saba na robo mpaka magharibi. Chama cha Mlango nacho, ili asije mtu akasema kimeonewa, kilipewa kila siku kuanzia saa saba na robo mpaka saa saba na robo.

Bi Sikudhani alifika siku ya kwanza kwa wakati, akapanda jukwaani, akateremka kwa wakati. Bwana Shomvi alimpongeza kwa nidhamu.

Baada ya hapo aliacha uwanja akaingia jikoni kwa watu. Alikuwa akibisha hodi, anakaribishwa, anainua sufuria zao moja moja juu ya mwanga mpaka aipate iliyotoboka. "Hii hapa!" anasema. "Shoga, kumbe wewe ni mwanachama na hujui. Una mwavuli humu ndani? Huna. Una kofia? Huna. Una sufuria iliyotoboka? Unayo, tena mbili. Sasa nani anakujua, wao au mimi?" Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu, halafu kicheko kilipokwisha alikuwa akiwauliza kwa sauti ya chini, "Wewe ulimzalia wapi huyu mdogo?" Na hapo hakuna aliyecheka.

Kisha ukaja mdahalo wa Redio ya Jimbo. Studio ilikuwa na vipaza sauti viwili na viti viwili, Bi Sikudhani akaletewa ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Leo tunao wagombea wote wawili," mtangazaji alianza.

"Watatu," alisema Bi Sikudhani, lakini hakuwa na kipaza sauti, ikasikika kama kikohozi.

Mgombea wa Mwavuli alikuwa Mheshimiwa Tindwa, mnene, mtanashati, asiyetembea bila leso. Mgombea wa Kofia alikuwa Mheshimiwa Chambuso, mwembamba, mwenye sauti ya kupasua kokoto. Waliulizwa kuhusu zahanati.

"Ndugu wananchi," alisema Tindwa, akijifuta paji la uso, "wapo wanaouliza kwa nini zahanati yetu haijafunguliwa. Naomba nijibu kwa kina. Zahanati haijafunguliwa kwa sababu tunaiheshimu. Tazameni majimbo jirani: wamefungua zao, na leo zimejaa wagonjwa."

"Napinga vikali!" Chambuso akarukia. "Haiheshimu huyo! Sisi Kofia tunasema hivi: kufuli ni maendeleo. Babu zetu walikuwa na kufuli? Hawakuwa hata na mlango! Leo Vidimbwi ina makufuli mawili kwa mlango mmoja. Nani anabisha kwamba tumepiga hatua?"

"Uongo! Mmepiga moja, la kwanza ni letu!"

Bi Sikudhani aliinuka kwenye ndoo, akaushika mkono wa Tindwa pamoja na kipaza sauti chake. "Wewe Tindwa, mimi ndiye niliyekupokea. Ulitoka unapiga kelele na mpaka leo hujanyamaza. Ulizaliwa ndani ya nyumba, juu ya kitanda, maji ya moto yapo, taa ipo. Sasa nijibu: wa kwetu wamekosa nini hata wazaliwe kwenye saruji?"

Mtangazaji akatangaza kwamba kumetokea hitilafu ya mitambo, akaweka wimbo wa taifa, beti zote.

*

Siku ya uchaguzi kituo kiliwekwa uani kwa zahanati, kwa kuwa ndilo jengo safi kuliko yote Vidimbwi, halijawahi kutumiwa. Watu walikuja tangu alfajiri. Wanawake wengine walikuja na sufuria zao kichwani, zimetoboka, jua linapita kwenye matundu na kuwachora madoa ya mwanga usoni. Raya alikuja pia, amemshikilia Mwamtoro, anavuta hatua. Mwezi wake ulikuwa umetimia, na alikuwa ameapa kwamba hajifungui kabla hajapiga kura.

Bwana Shomvi alipanda kwenye kiti, akainua karatasi ya kura.

"Wananchi, upande huu mnaona visanduku viwili, Mwavuli na Kofia. Mgombea wa Mengineyo hamkumsahau, na sisi hatukumsahau. Yupo nyuma ya karatasi." Watu wakashangilia. "Isipokuwa natahadharisha: karatasi yoyote itakayogeuzwa itahesabiwa kwamba imeharibika."

"Sasa mtu atanionaje bila kuigeuza?" Bi Sikudhani akauliza.

"Kwa moyo, Bi mkubwa. Kura ni siri ya moyo."

"Na alama ataitia kwa ini?"

Hilo halikuwamo katika kanuni, kwa hiyo hakulijibu.

Sheria ilitaka upigaji kura umalizike saa sita, kura zihesabiwe saa saba, ili alasiri watu warudi kwenye shughuli za kujenga taifa. Saa nane kasorobo Bwana Shomvi alisimama na matokeo. Bi Sikudhani alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza, kichwa cha Raya kiko begani mwake. Uchungu ulikuwa umemwanza mjukuu wake akiwa kwenye foleni. Alikuwa akiuficha, lakini mkono wake ulikuwa ukimfinya bibi yake kila baada ya muda, na Bi Sikudhani, kwa mazoea tu, alikuwa anahesabu kati ya finyo na finyo. Zilikuwa zimekaribiana.

"Mheshimiwa Tindwa wa Mwavuli," Bwana Shomvi alisoma, "mia tatu na kumi na moja. Mheshimiwa Chambuso wa Kofia, mia tatu na saba. Bi Sikudhani wa Mengineyo, hakuna. Kura zilizoharibika, mia sita na nne." Akakunja karatasi. "Wingi wa kura zilizoharibika ni ushahidi wa kukomaa kwa demokrasia yetu. Zamani watu waliharibu mbili tatu tu, kwa woga."

Uwanja ulinguruma. Mzee Kibwana alipiga fimbo chini. "Mia sita na nne! Basi kiti apewe huyo Aliyeharibika!"

"Hata kura yangu mwenyewe?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Ilikutwa imegeuzwa, Bi mkubwa. Pole."

Hakulia. Angetaka kulia, lakini Raya alimfinya, na finyo hii ilikuwa ndefu kuliko zote. Alifikiria miezi miwili ya kwenda na kurudi, barua za kutopinga barua, ndoo ya studioni, saa saba na robo mpaka saa saba na robo. Mbele yake ulikuwa mlango, na makufuli yake mawili, na chini ya mlango saruji ileile.

"Bibi," Raya alinong'ona, "nakaa hapahapa? Au nilale?"

"Ngoja kwanza, mama. Usilale hapo. Ngoja."

*

Sasa, katika nchi ile matokeo si matokeo mpaka yaliwe.

Ndiyo desturi yao, imo hata katika sheria. Baada ya kusomwa kura huletwa Halua ya Ridhaa, sahani moja, na wagombea wote hula kijiko kimoja kimoja mbele ya watu. Aliyekula amekubali. Mpaka hapo mshindi ni uvumi tu. Isipolika kabla ya adhana ya alasiri, uchaguzi umekufa, na wote waliogombea hawagombei tena mpaka kiama. Kwa miaka arobaini haikuwahi kubaki hata chembe, kwani mshindi hupata kiti, na anayeshindwa hupata Usaidizi wa Kiti, wenye gari la rangi ileile. Sheria hiyo iliandikwa na watu wawili kwa ajili ya watu wawili. Haikuwapitia akilini kwamba siku moja angetokea mlaji wa tatu asiye na hamu.

Tindwa alikula, akafumba macho kwa utamu. Chambuso alikula, akasema haikukolea iliki. Bwana Shomvi akamletea Bi Sikudhani sahani.

"Mimi nimeshiba," alisema.

"Kijiko kimoja tu, Bi mkubwa. Nusu kijiko."

"Nimeshiba tangu juzi."

Bwana Shomvi aliitazama saa yake, akautazama mnara wa msikiti, akaanza kutoa jasho lile la siku ya wazee wa nzige. Tindwa alikuja mbio, leso mkononi. "Mama yangu, mzazi wangu, wewe si ndiye uliyenipokea? Utanitupa leo kwa kijiko cha halua?"

"Tena ile yenye lozi," Chambuso akaongeza, na mara hii, kwa ajabu, hawakubishana.

"Fungueni mlango ule," alisema Bi Sikudhani, "nami nitakula sahani nzima, na kawa nitalilamba."

"Ningefungua miaka sita iliyopita!" alisema Tindwa. "Tatizo ni mwenzangu huyu."

"Tatizo ni yeye!" alisema Chambuso.

"Basi leo mko wote wawili, na mlango uko hapa. Na mimi sina haraka." Akaikunja mikono. Hapo ndipo Raya alipopiga ukelele, wa kwanza siku ile, na uani kote watu wakasimama. Wanawake wakaanza kuvua kanga zao kumzungushia, kama walivyozoea. Mwamtoro alizipokea kanga mbili, akazishika, halafu akazitupa chini.

"Simzungushii mtu kanga hapa tena," alisema. "Sitaki. Wafungue."

Watu wakasogea. Hakuna aliyetukana wala kurusha jiwe. Walisogea tu, hatua moja, kisha nyingine, wale mia sita na nne walioharibika, na sufuria zao.

Tindwa akatia mkono katika mfuko wa koti, akatoa ufunguo. Chambuso naye akatoa wake. "Naufungua kwa ajili ya amani," alisema Tindwa kwa sauti ya jukwaani, "na nataka ieleweke, ndugu zangu. Wallahi, tangu jengo hili lijengwe sijawahi kutia hata unyayo humo ndani. Naliona kwa nje tu, kama nyinyi, na roho inaniuma."

"Mimi ndiyo kabisa," Chambuso akasema. "Sijui hata kama lina sakafu."

Funguo ziliingia. Makufuli yaliyokuwa yamekaa mvuani miaka sita yalifunguka kwa mguso mmoja, laini, kama yametiwa mafuta jana. Mlango haukutoa hata mlio. Wengine waliliona hilo, wakatazamana, lakini haukuwa wakati wake, kwani Bi Sikudhani alikuwa ameshampitisha Raya mlangoni, amemkumbatia kiuno, anamwambia, "Taratibu, mama, taratibu, tumefika."

Ndani kulikuwa na giza. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao, na mwanga wa mlangoni ulizibwa na watu waliojaa kutazama. Bi Sikudhani alipapasa ukuta kushoto, akapapasa kulia, akajigonga goti.

"Ebo! Nitampokeaje mtoto nisiyemwona? Jamani, taa! Swichi iko wapi humu?"

Mheshimiwa Tindwa alikuwa kizingitini, ameshika sahani ya halua, masikio yote yako msikitini. Akajibu bila hata kugeuka:

"Nyuma ya kabati, mama. Mkono wako wa kulia."

Bwana Shomvi alishusha kalamu. Tindwa aliinua leso polepole mpaka mdomoni, na huenda angepata la kusema, kwamba aliiona kwenye ramani, kwamba alioteshwa, maana hakuwa mtu wa kukosa maneno. Lakini Mheshimiwa Chambuso hakuwahi, katika maisha yake yote ya siasa, kuliacha neno la Mwavuli lipite bila kulipinga.

"Mwongo huyo, wananchi, msimsikilize!" akapasua. "Kabati tulilihamisha Ijumaa!"